FC Seoul walirudi nyumbani au waliwaacha watu wa Anyang?

Tangu Jesse Lingard, yule aliyekuwa Manchester United, asaini FC Seoul mwaka 2024 watu wengi huku kwetu wameanza kufuatilia ligi ya Korea Kusini, na mimi nimefurahi kweli, ila kuna kitu kinaniuma kila nikisoma maoni ya mashabiki wapya. Wakiwaona wale wa FC Anyang, timu ya mji wa Anyang ulio jirani na Seoul, na jezi zao za zambarau jinsi wanavyoichukia Seoul, wanasema hawa jamaa wana kinyongo cha bure, FC Seoul ilikaa kwao miaka nane tu halafu ikarudi zake nyumbani, sasa mnalia nini miaka yote hiyo? Hilo neno "nyumbani" ndio limenifanya niandike. Seoul wenyewe wanasema 2004 walirudi kwao, Anyang wanasema timu ilihama ikawaacha, na wote wanazungumzia tukio moja.

Nianze na upande wa Seoul, maana hoja yao sio nyepesi kama wapinzani wao wanavyotaka ionekane. Timu ilikuwa ya Lucky-Goldstar, hawa tunaowaita LG, na 1990 walikuwa Seoul, wakabeba ubingwa mwaka huohuo wakitumia uwanja wa Dongdaemun pamoja na timu nyingine mbili, Ilhwa Chunma na Yukong. Ikafika 1996 ligi ikaamua timu zote tatu zitoke mji mkuu ili mpira usambae miji mingine, kipindi hicho Korea inahangaika kupata Kombe la Dunia la 2002. LG wakapelekwa Anyang, Ilhwa wakaenda Cheonan, Yukong wakaangukia Bucheon. Hakuna aliyeondoka kwa kupenda, na hili mashabiki wa Anyang wengi hulipita harakaharaka. Halafu ukajengwa uwanja wa Kombe la Dunia pale Seoul, viti zaidi ya 66,000, mashindano yakaisha, uwanja umebaki hauna timu na mji wenye watu karibu milioni 10 hauna hata klabu moja ya ligi kuu. Serikali ya mji ikasema timu itakayokuja ichangie gharama za ujenzi, LG wakakubali, wakaingia.

Na matunda yalionekana. Tarehe 5 Mei 2010 FC Seoul wamecheza na Seongnam mbele ya watu 60,747, mechi ya kawaida tu ya ligi. Wamebeba ubingwa 2010, 2012 na 2016, na 2013 wamefika fainali ya Ligi ya Mabingwa Asia wakatolewa na Guangzhou Evergrande kwa goli la ugenini bila kufungwa mechi hata moja kati ya zile mbili. Uwanja wa Anyang unaingiza watu kama 17,000 hivi. Kwa hesabu ya biashara ya mpira hakuna cha kubishana hapo.

Lakini sasa tuhesabu miaka, maana wanaosema "miaka nane tu" ndio walioanza kuhesabu.

Seoul timu ilikaa kuanzia 1990 mpaka 1995, misimu sita. Anyang ilikaa kuanzia 1996 mpaka 2003, misimu nane. Yani wakati inaondoka 2004 ilikuwa imeishi Anyang muda mrefu kuliko ilivyowahi kuishi Seoul! Na kabla ya Seoul haikuwa Seoul pia, ilipoanza kucheza ligi miaka ya themanini eneo lake lilikuwa Chungcheong, katikati ya nchi huko. Ubingwa? Mmoja Seoul, 1990, mmoja Anyang, 2000, ngoma droo. Kwahiyo ukiniambia nyumbani ni Seoul kwa sababu ya ile misimu sita, basi inabidi unieleze kwanini misimu nane isifanye pawe nyumbani, na mpaka leo sijapata mtu wa kunieleza hilo akaeleweka. Kufukuzwa Seoul kwa nguvu ni kweli, ila aliyewafukuza ni ligi, sio watu wa Anyang. Watu wa Anyang waliletewa timu, wakaambiwa hii ni yenu, wakaipenda. Kosa lao liko wapi?

Na walivyoipenda sio kidogo. Lee Young-pyo, huyu aliyekuja kuwa beki wa PSV na Tottenham, alisoma sekondari hapohapo Anyang na timu yake ya kwanza ya kulipwa ikawa hiyohiyo. Choi Yong-soo alikuwa mchezaji bora wa ligi kwenye ubingwa wa 2000. Halafu walikuwa na jirani, Suwon Samsung, na ukikumbuka LG na Samsung ni mahasimu hata kwenye friji na televisheni utaelewa moto uliokuwepo pale. Mechi yao iliitwa dabi ya Jijidae, kwa jina la kilima kilichopo njiani kati ya hiyo miji miwili. Wakorea wanasimulia kuwa mfalme Jeongjo alipokuwa akitoka kuzuru kaburi la baba yake karibu na Suwon, akifika kilimani hapo alikuwa anaenda polepole sana anageuka kuangalia nyuma, hataki kaburi lipotee machoni, na jina lenyewe limetokana na huo mwendo wa polepole. Seo Jung-won aliyekuwa kipenzi cha Anyang alienda Strasbourg ya Ufaransa, aliporudi 1999 akasaini Suwon, na jezi yake ikachomwa moto. Mwaka 2002 timu hizo mbili zikakutana fainali ya klabu bingwa Asia mjini Tehran, Anyang wakafungwa kwa penalti. Hii ni timu iliyokuwa na mizizi jamani, ilikuwa na adui wake wa jirani na maumivu yake yenyewe, sio timu iliyopita njia ikapumzika. Dabi hiyo nayo ikafa 2004 kwa sababu upande mmoja haukuwepo tena. Seoul na Suwon walikuja kuwa na dabi yao kubwa, nzuri kuitazama mpaka Suwon waliposhuka daraja 2023, lakini kile kilima hakikuwa katikati yake.

Sasa kuna namba nyingine ambayo mimi ndio inanikaa kichwani kuliko zote, tisa. Timu ilipoondoka mwanzoni mwa 2004 Anyang ikabaki bila klabu ya kulipwa mpaka 2013, yani misimu tisa mizima. Walikuwa na timu misimu nane, wakaikosa misimu tisa, waliisubiri kwa muda mrefu kuliko waliokuwa nayo! Fikiria mtoto aliyekuwa na miaka kumi anapelekwa uwanjani na baba yake 2003, timu yake ilipopatikana tena ana ishirini. Miaka hiyo yote hakuna wa kumshangilia Jumamosi, na kila akiwasha tv anaona wachezaji aliowajua wamevaa nembo nyingine, na ule ubingwa aliouona kwa macho yake unahesabiwa kwa watu wa mji mwingine. Wengi wangechagua timu nyingine yakaisha. Lile kundi la mashabiki wanaojiita RED halikuisha, walikaa wanadai timu mpaka 2012 baraza la mji likapitisha iundwe klabu ya mji, Februari 2013 FC Anyang ikazaliwa na kuanza daraja la pili, zambarau kwa ajili ya zabibu ambazo Anyang ilikuwa maarufu kwazo. Mtu aliyesubiri miaka tisa humwambii ana kinyongo cha bure.

Najua wapo watakaosema klabu ya mji inaendeshwa kwa pesa za walipa kodi, mwenye timu ni meya, na siasa zikibadilika timu inaweza kuyumba, wakati kampuni ya GS waliorithi FC Seoul baada ya kutengana na LG wana uwezo wao. Ni kweli, na ni udhaifu ambao klabu nyingi za miji Korea zinao. Ila huwezi kumlaumu mtu kwa kujijengea kibanda wakati ni wewe uliyeondoka na nyumba.

Kuhusu ule ubingwa wa 2000 hapo nakiri pagumu. FC Seoul wanahesabu mataji sita na hilo limo, na kisheria klabu ni ileile, Choi Yong-soo aliyeubeba Anyang kama mchezaji ndiye aliyekuwa kocha wa Seoul walipobeba wa 2012, huwezi kumkata mtu vipande viwili. Ila kule Uingereza MK Dons, waliotokana na Wimbledon kuhamishwa, mwaka 2007 walikubali kuyarudisha makombe na historia ya Wimbledon kule ilikotoka timu. Sisemi Seoul wafanye hivyohivyo, ile ya Wimbledon ilikuwa na mambo yake, nasema tu kwamba inawezekana klabu kubwa ikasema haya yalitokea pale, kwa watu wale, na isife.

Uwanjani mambo yameenda polepole. Mara ya kwanza kukutana ilikuwa kombe la FA, Aprili 2017, Seoul wakashinda 2-0. Anyang wakaja kuchukua daraja la pili 2024 na kupanda ligi kuu kwa mara ya kwanza, na tarehe 22 Februari 2025 wakaenda uwanja wa Kombe la Dunia mbele ya zaidi ya watu 41,000, Lingard akafunga, Seoul wakashinda 2-1. Mei wakatoka 1-1 Anyang. Tarehe 31 Agosti 2025 wakarudi Seoul na safari hii wakashinda wao, 2-1, ushindi wao wa kwanza kabisa dhidi ya hiyo timu.

Seoul wabaki na uwanja wao na mataji yao sita, mimi sina shida. Ninachotaka ni kitu kidogo tu, waache kusema walirudi. Waseme walihama, na kwenye ule wa 2000 waandike pembeni jina ambalo timu ilikuwa nalo siku ile, Anyang LG.