Endofini si homoni ya furaha

Kila ukifungua simu kuna mwalimu wa mazoezi anakwambia ukimbie ili mwili ukumwagie endofini, "homoni ya furaha". Kukimbia sina ugomvi nako. Ugomvi wangu ni na hilo jina, maana walioifuatilia endofini, kituliza maumivu cha mwili wenyewe, hadi kwenye RNA mjumbe wake (mRNA, nakala ya agizo la jeni ambayo seli huisoma ili iunde protini) walikuta mambo mengine kabisa.

Beta-endofini, ndiyo endofini ninayoizungumzia hapa, mnyororo wa asidi amino 31, Choh Hao Li na David Chung waliitoa kwenye tezi za pituitari, zilizo chini ya ubongo, za ngamia (naam, ngamia) wakaitangaza mwaka 1976. Ila seli haiandiki agizo la kipande kidogo hivyo peke yake. Mwaka 1977, kule Oregon, James Roberts na Edward Herbert walichukua RNA mjumbe ya seli za uvimbe wa pituitari ya panya, wakaitia kwenye mchanganyiko usio na seli hai ila wenye vifaa vyote vya kuunda protini, kisha wakatumia kingamwili kukinasa kilichoundwa. Ilikuwa protini moja kubwa iliyobeba homoni ya ACTH na protini ndogo iitwayo beta-lipotropini pamoja, na endofini imo mkiani mwa hiyo beta-lipotropini. Mwaka 1979 Nakanishi, Numa na wenzao wa Kyoto, wakishirikiana na Stanley Cohen wa Stanford, wakasoma nakala ya DNA ya mjumbe huyo kutoka kwa ng'ombe, urefu wa herufi 1,091. ACTH na endofini vyote viwili vimo, kama doti ya khanga kabla haijakatwa.

Sasa kazi ya ACTH ni nini? Kuziamrisha tezi za adrenali zitoe kotisoli, homoni ya msongo! Yaani agizo la kutuliza maumivu limeandikwa sambamba na agizo la hatari. Kwangu mimi hiyo ni homoni ya aliyeumia na bado anatakiwa akimbie, si ya kuchekea kwenye picha.

Na hata ukiipima RNA mjumbe, usiharakishe kusema endofini imepanda. Vimeng'enya hukata protini penye jozi za asidi amino za lisini na arjinini, na kila sehemu ya pituitari hukata kivyake: pituitari ya mbele huachia zaidi ACTH na beta-lipotropini, ya kati huendelea kukata hadi alfa-MSH (homoni inayokatwa kutoka kwenye ACTH) na beta-endofini. Habari za afya zinazotoka moja kwa moja kwenye "mRNA imeongezeka" hadi "maumivu yamepungua" zimeiruka hatua hiyo, na mwandishi wala hajashtuka.