Kilmichael: nani alisema "tunajisalimisha", na nani alimsikia?

Jumapili, Novemba 28, 1920, giza likianza kunyemelea, mtu mmoja aliyevaa koti la kijeshi alijitokeza kwenye barabara ya mashambani huko Kilmichael, katika kaunti ya Cork kusini mwa Ireland, akainua mkono. Lori la kwanza la polisi wa Uingereza likapunguza mwendo. Koti lile lingeweza kuwa la mwenzao yeyote. Aliyelivaa, Tom Barry, kamanda wa IRA, jeshi la Jamhuri lililopigania uhuru wa Ireland kutoka kwa Uingereza, akarusha bomu la mkono kwenye chumba cha dereva, filimbi ikalia, na watu waliokuwa wamelala nyuma ya miamba tangu asubuhi, wamelowa na kukakamaa kwa baridi, wakaanza kufyatua.

Ndani ya malori mawili mlikuwa na watu 18. Kumi na sita waliuawa papo hapo. Mmoja, Forde, aliachwa akidhaniwa maiti, akapona na ulemavu. Wa mwisho, Cecil Guthrie, alichomoka akakimbia kwa miguu. Huyu tutarudi kwake, kwa sababu naona amesahauliwa kwa makusudi. Upande wa IRA walikufa watatu: Michael McCarthy, Jim O'Sullivan, na Pat Deasy, kijana wa miaka 16.

Hesabu hizo hazina ugomvi. Ugomvi uko kwenye dakika chache pale lilipokwama lori la pili. Je, askari walipiga kelele kwamba wanajisalimisha, halafu wakawamiminia risasi waliosimama kuwapokea? Au kisa hicho kilitengenezwa baadaye kufunika mauaji ya watu waliokwisha kuweka silaha chini? Zaidi ya miaka 100 imepita na wanahistoria wa Ireland bado wanaitana waongo kwa swali hilo.

Waliokuwa kwenye malori hawakuwa polisi wa kawaida wa kukamata wezi wa ng'ombe. Walikuwa kikosi cha ziada kilichoundwa Julai 1920, karibu wote maofisa wastaafu wa Vita Kuu ya Kwanza, wakilipwa pauni 1 kwa siku, fedha nzuri kwa wakati ule. Kambi yao ya eneo hilo ilikuwa kasri ya Macroom, na kutoka hapo walizunguka vijijini kusaka, kupiga na kutisha. Wiki moja tu kabla, Novemba 21, watu wa Michael Collins, mkuu wa ujasusi wa IRA, waliwavamia maofisa wa Kiingereza waliodhaniwa kuwa majasusi mjini Dublin asubuhi na mapema, wakawaua. Mchana wake vikosi vya serikali vikafyatua risasi kwenye umati wa watazamaji wa mpira katika uwanja wa Croke Park, wakafa 14. Kila upande ulifika Kilmichael ukiwa na damu mbichi ya kulipiza.

Barry mwenyewe alikuwa na miaka 23, na vita alivijifunza kwa mwajiri aliyekuja kupigana naye: aliwahi kuwa askari wa mizinga wa Uingereza huko Mesopotamia, Iraq ya leo. Kikosi chake kilikuwa na watu 36, kila bunduki ikiwa na risasi 35. Usiku wa kuamkia siku ile walitembea kwenye mvua, na padri akawaungamisha kandokando ya njia kabla hawajaondoka. Mahali alipochagua Barry hapakuwa na mlango wa nyuma. Ni nyika ya mawe na majimaji. Ukishindwa, huna pa kukimbilia bila kuonekana. Aliwaambia hivyo waziwazi: hapa hakuna kurudi nyuma. Jambo hili nalipa uzito mkubwa, kwa sababu linaonyesha alichokuwa nacho kichwani kabla ya mtu yeyote kutamka neno "kujisalimisha".

Sasa maelezo ya Barry, kama alivyoyaandika kwenye kumbukumbu zake za 1949. Lori la kwanza lilimalizwa kwa mapigano ya karibu, singe na vitako vya bunduki. Yeye na wenzake wachache wakapanda barabara kuelekea lori la pili, lililosimama umbali wa mita zipatazo 150. Wakiwa njiani wakasikia askari wakipaza sauti kwamba wanajisalimisha, wakawaona wakitupa bunduki. Baadhi ya watu wa IRA wakasimama kutoka maficho. Ndipo wale askari wakachomoa bastola na kuwapiga. Barry akaamuru risasi ziendelee bila kukoma mpaka atakapotoa amri nyingine, na walipopiga tena kelele za kujisalimisha hakuzisikiliza. Aliandika bila kuuma maneno kwamba askari waliodanganya vitani walistahili kufa.

Kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa Kilmichael. Nyimbo zikaimbwa, mnara ukajengwa pale mwaka 1966, watoto wakafundishwa.

Mwaka 1998 mwanahistoria kutoka Kanada, Peter Hart, akalitia moto. Alisema masimulizi ya Barry yamejaa uongo na ukwepaji, kwamba hakukuwa na kujisalimisha kwa hila kama alivyoeleza, na kwamba askari waliobaki waliangamizwa tu. Hoja zake zilikuwa tatu kubwa. Kwanza, makala ya Barry kuhusu Kilmichael iliyotoka gazetini mwaka 1932 haikutaja hila hiyo hata kidogo. Pili, kuna ripoti inayodaiwa kuwa ya Barry kwa wakubwa wake, iliyonaswa na Waingereza, nayo haina hila; inasema Deasy aliuawa na adui aliyedhaniwa amekwisha kufa. Tatu, Hart aliwahoji wazee waliokuwapo na kusikiliza kanda za mahojiano yaliyorekodiwa miaka ya nyuma na padri John Chisholm, na humo walikuwamo waliosema kwamba wenzao hawakufa kwa kusimama kupokea mateka.

Ukizisoma hoja hizi peke yake, Barry amekwisha. Tatizo ni kwamba zina nyufa.

Ripoti iliyonaswa inatufikia kwa mkono wa Waingereza tu. Karatasi ya Barry mwenyewe haipo. Tena inasema kikosi kilikuwa kimekata tamaa na kuanza safari ya kurudi nyumbani ndipo malori yakatokea, yaani kilikutana nayo kwa bahati. Hilo linapingana na kila mtu aliyekuwapo. Hart anajibu kwamba Barry aliwadanganya wakubwa wake kwa sababu Kilmichael ilikuwa nje kidogo ya mpaka wa brigedi yake. Inawezekana. Lakini hapo unaombwa umwite Barry mwongo kwenye mahali na mpango wa vita, kisha umwamini kwa alichokiacha kusema kuhusu hila. Shahidi wa aina hiyo hakimu angemtazama kwa jicho la pembeni.

Mahojiano nayo yalimtia Hart matatani. Aliwaficha majina wazee wake, na tarehe moja aliyoitoa, Novemba 19, 1989, iliangukia siku sita baada ya kufa kwa Ned Young, mzee wa mwisho wa Kilmichael anayejulikana. Wapinzani wake wakauliza kama alihoji kaburi. Hart alifariki 2010 bila kulimaliza jambo hilo. Baadaye mwanahistoria Eve Morrison, aliyezisikiliza kanda za Chisholm, alichapisha utafiti mwaka 2022 akisema Hart alimhoji Young kweli, mapema zaidi, na kwamba lililopo ni uzembe wa kumbukumbu, si uzushi. Naona hoja ya Morrison ina nguvu. Mwanahistoria anayemvua mtu heshima yake, hata hivyo, alipaswa kutunza tarehe zake vizuri zaidi ya hapo.

Kisha kuna ushahidi ambao unakata pande zote. Mwaka 1921, vita vikiendelea bado, Mwingereza Lionel Curtis, ambaye miezi michache baadaye angekuwa mmoja wa makatibu wa ujumbe wa Uingereza kwenye mazungumzo ya mkataba wa kumaliza vita hivyo, aliandika kwamba upande wa Sinn Féin, chama cha wapigania uhuru, unadai polisi walipandisha bendera nyeupe, na waliosogea kupokea kujisalimisha kwao wakapigwa risasi. Bendera nyeupe haimo katika maelezo ya Barry, kwa hiyo kisa kilikuwa kikibadilika kadiri kinavyopita midomoni. Lakini kilikuwapo. Anayesema Barry alikitunga mzimamzima mwaka 1949 ana kazi ya kueleza kilifikaje kwa Curtis miaka 28 kabla.

Upande wa serikali nao haukuwa mashahidi wa kutegemewa. Ulitangaza kwamba wavamizi walivaa sare za jeshi la Uingereza na kofia za chuma, na kwamba maiti zilikatwakatwa kwa mashoka. Angalia uongo huo ulivyojengwa: koti moja la Barry limegeuka sare za kikosi kizima. Na mashoka? Mmoja wa wapiganaji alisimulia baadaye jinsi askari aliyejeruhiwa alivyopeleka mkono kwenye bastola akachomwa singe mbavuni, na mwingine alipigwa kitako cha bunduki kichwani mpaka kitako kikavunjika. Ukiona kichwa cha namna hiyo mochwari, na wewe ni rafiki wa marehemu, utasema shoka. Hakuna aliyehitaji kutunga kitu kutoka hewani. Kilichokuwapo barabarani kilitosha kutisha.

Kwa mtazamo wangu jibu la kilichotokea liko humo, kwenye mkanganyiko. Askari tisa hivi wametawanyika kuzunguka lori, jioni ya Novemba, baruti machoni. Anayejisalimisha upande huu wa lori hajui mwenzake wa upande ule bado ana bastola na hana nia ya kuiacha. Mtu wa IRA anasimama kwa sababu ya sauti moja na anapigwa na mkono mwingine. Kwake hiyo ni hila. Kwa aliyekuwa kule kwenye lori la kwanza, asiyesikia sauti wala kuona mikono, hakuna kilichotokea isipokuwa vita. Ndiyo maana wazee wa kikosi kilekile, wote wakweli, wanaweza kutofautiana, na kutotaja kwao si ushahidi kwamba halikuwapo.

Lakini tumpe Barry yote anayoyadai. Tukubali kwamba wawili au watatu walidanganya. Swali linabaki: wengine je? Mikataba ya The Hague ya 1907 ilikataza kuua mtu aliyeweka silaha chini, na ilikataza vilevile kutangaza kwamba hakuna atakayeachwa hai. Uingereza haikuweza kuipigia kelele sana, maana msimamo wake rasmi ulikuwa kwamba Ireland hakuna vita, kuna uhalifu tu. Waliojiita jeshi la Jamhuri ndio waliotaka kuhesabiwa kuwa askari halali, na kipimo chao ni hicho. Kuua watu tisa kwa kosa la wawili ni adhabu ya jumla, na adhabu ya jumla ndiyo iliyokuwa malalamiko makubwa ya Waayalandi majira yale: kijiji kinachomwa kwa sababu mtu mmoja amerusha risasi.

Mtetezi wa Barry atajibu, na jibu lake si la kupuuza. Kikosi cha risasi 35 kwa mtu hakina mahali pa kuweka mateka, hakina daktari, na kiko karibu na kambi ya adui. Wenzako watatu wako chini. Atakayekwenda kumpekua anayefuata kuinua mikono ni nani, wewe? Kutoka kwenye kiti ni rahisi kusema. Nakubali. Ningekuwa pale, sijui kama ningesimama.

Ila utetezi huo unaisha unapofika kwa Guthrie. Alikimbia gizani akielekea Macroom, akakamatwa, akawekwa chini ya ulinzi, akapigwa risasi na kufukiwa katika kinamasi cha Annahala. Hapo hakukuwa na moshi wala filimbi, wala bastola iliyofichwa kwenye koti. Palikuwa na mtu aliyeziona nyuso, na watu waliokuwa na muda wa kufikiri. Mwaweza kusema, na watu wa Cork wamesema, kwamba kumwachia ingekuwa kuwapa majirani zako kitanzi. Hiyo ni hoja ya usalama, na ina maana yake. Lakini ni hoja tofauti kabisa na ile ya hila, na ukiikubali kwa Guthrie unaanza kushuku kwamba ndiyo iliyofanya kazi pale barabarani pia, hila iwepo isiwepo. Mahali pasipo pa kurudi nyuma palichaguliwa na mtu ambaye hakupanga kubaki na mateka.

Matokeo ya vita hayahitaji maneno mengi. Kikosi kilichodhaniwa hakigusiki kiliguswa. Desemba 10 serikali ikatangaza sheria ya kijeshi Cork, Kerry, Limerick na Tipperary. Usiku uliofuata, baada ya shambulizi jingine la kuvizia, askari wakachoma katikati ya jiji la Cork, ukumbi wa jiji na maktaba vikiteketea. Julai 11, 1921 mapigano yakasimamishwa. Barry aliishi hadi 1980, na kisa alichokiandika 1949 alikishikilia mpaka mwisho.

Guthrie alifukuliwa kwenye kinamasi mwaka 1926, miaka minne baada ya Waingereza kukabidhi madaraka, akazikwa upya katika makaburi ya kanisa la Kiprotestanti la Inchigeelagh.