Ati Niamke Saa Kumi Niandike

Haya niulizeni leo nimeandika nini. Nimeandika "Mvua ilikuwa ikinyesha" halafu luku ikakata. Basi. Na nje hata mvua yenyewe hakuna.

Chanzo ni yule kijana wa kwenye video, shati jeupe, kabati la vitabu nyuma limepangwa kwa rangi, anasema mwandishi wa kweli anaamka saa kumi alfajiri akili ikiwa mbichi. Nikamwamini. Mimi mtu mzima mwenye mvi kidevuni nikatega alamu.

Sasa nyumba yetu ya kupanga saa kumi ni saa ya Mama Vitumbua. Mnamjua hata kama hamumjui. Ndani giza, nikachukua daftari nikatoka kibarazani kwa heshima zangu zote, miwani usoni, nangoja wazo lije, ukaja moshi wa mkaa.

"Baba, mbona umeamka, tumbo?"

"Hapana mama, natafuta msukumo."

"Msukumo wa nini, una gari?"

Sikujibu. Unajibuje? Akanitazama nilivyokaa, akaona nafasi. "Basi kama umekaa tu, niandikie meseji." Kuna shoga yake walicheza mchezo, kapokea wa kwanza, zamu ya mama ilipofika mwenzie haonekani, elfu themanini. Akanipa kitochi chake kimefungwa rababendi, nikajikohoza, nikaandika: "Ndugu mpendwa, natumaini u mzima wa afya."

"Mpendwa? Mtu kala hela yangu mpendwa? Na afya yake inanihusu nini?"

Nikafuta. Vitufe vyenyewe mnavijua, herufi moja unabonyeza mara tatu. Nikaja na ya pili, kali, nikaweka na hatua za kisheria. Akasema utanihamishia mtu mtaa, hela nitaudai ukuta? Nikaona hapa nitoe ufundi, nikaandika uaminifu ni kama glasi, ikishapasuka... "Toa glasi." Yaani kasema hivyo huku anageuza kitumbua kwa kijiti, hata haniangalii, vishimo saba vinachemka na hakuna hata kimoja kilichoungua, mimi jasho linanitoka kwa meseji moja. Halafu akaanza kunisomea mwenyewe, taratibu, kama mwalimu wa imla:

"Shoga, leo vitano nimekutengea. Vinapoa. Nipo."

Nikamwambia mama hujataja hela. Akasema, "Anajua."

Jamani, haijafika saa moja yule mwanamke kaja, macho chini, anafungua pindo la kanga, elfu hamsini, nyingine mwisho wa mwezi. Na vitumbua kala! Maneno sita, mimi nina sura ya kwanza tangu Ramadhani na haijamfungua mtu hata kitasa. Nikamwomba ile "vinapoa" niitumie kwenye hadithi, akasema lipa kwanza vya wiki iliyopita.

Mwenye nyumba naye nilimwambia asubuhi hiyohiyo kwamba natunga, akasema tunga kodi.

Rafiki yangu mmoja alinishauri niende ufukweni nikapate mawazo, nimekula mihogo, nimemaliza nauli, nimerudi kwa miguu. Mwingine, huyu ndiye anayeniudhi, kila akiniona lazima anitajie Shaaban Robert, eti alikuwa karani wa forodha, kazini kutwa, na amefariki 1962 kaacha vitabu zaidi ya ishirini, "sasa wewe ambaye huna hata kazi?" Sawa, lakini mbona hamuulizi kama alikuwa anachangia luku na watu sita?

Na nyie wasomaji msijifiche. Sehemu ya 13 ya ile hadithi ninayowawekea mtandaoni niliweka Jumanne, Jumatano mtu anauliza "mwandishi kafa?" Alhamisi mwingine anasema tuambie tu kama umeishiwa. Nimeishiwa ndiyo! Nimeishiwa bando, nimeishiwa sukari, yule binti niliyemwacha getini sehemu ya 13 bado kasimama palepale na begi lake, na mimi sijui anaingia au anarudi kwao, nyie mnadhani mimi silali kwa sababu gani? Kuna mmoja kati yenu alishanitumia hata mia tano?

Na hiyo luku, tuelewane, mchango ni elfu mbili kila chumba, lakini chumba cha nne kuna jokofu la barafu za biashara linanguruma usiku na mchana, ukisema unaambiwa una wivu. Leo nimenunua mimi. Namba ishirini, nimesimama juu ya ndoo, simu ina asilimia nne, mtoto ananisomea, kafika ya kumi na saba kaenda kukojoa.

Karudi. Tumeingiza. Taa imewaka, nimekaa, nimeshika kalamu, mvua ilikuwa ikinyesha...

Nani kachomeka pasi?