Fundi friji nimeiona barafu ya wenzetu

Mimi ni fundi friji. Miaka 17 sasa barafu ndo inanilisha na barafu ndo inanimaliza, maana mteja akikupigia simu ujue ni moja kati ya mawili, ama friza haigandishi, ama imegandisha mpaka mlango haufungi na mama mwenye nyumba kaamua kuchokonoa na kisu, katoboa, gesi yote imetoka pssss, halafu anakuangalia machoni anakwambia "fundi mi sijaigusa, imeanza yenyewe". Kwa hiyo nilikuwa najua hakuna binadamu wa kuniambia kitu kuhusu barafu. Nilikuwa najidanganya.

Usiku mmoja nilikuwa natafuta video ya mashine ya kutengenezea barafu, kuna jamaa wa samaki kule Feri kaniletea mashine haina hata kile kikaratasi cha maelezo. Nikakosea herufi moja, simu ikaniletea wanaume watano wamevaa manailoni ya kubana kama soseji, miguuni wana visu, wanafukuzana kwenye uwanja wa barafu mdogo kama ukumbi wa harusi. Nikasema ngoja niangalie dakika moja tu. Jamani. Bando la wiki liliisha usiku ule ule, na mashine ya mtu wa Feri, tuiache kwanza hiyo habari.

Kumbe yale mashindano ni ya zamani, olimpiki ya majira ya baridi, Salt Lake City kule Marekani mwaka 2002, fainali ya mita 1000. Watano wale mmoja anaitwa Steven Bradbury, wa Australia, nchi ambayo na wao jua lao halina utani. Huyu bwana alikuwa ameshaumia mpaka basi: mwaka 1994 kisu cha kiatu cha mwenzake kilimpasua paja, akashonwa nyuzi 111, mia na kumi na moja, hata godoro halishonwi hivyo. Mwaka 2000 akavunjika shingo mazoezini. Mtu mwingine angerudi nyumbani akafungua duka la vifaa vya umeme. Yeye akarudi kwenye barafu, ila sasa mbio hana, na anajua hana, akapanga kukaa nyuma tu asubiri wenye haraka waparamiane.

Na wakaparamiana kweli. Robo fainali alimaliza wa tatu wakati wanapita wawili, Mkanada mmoja akaondolewa kwa kumfanyia mwenzie rafu, Bradbury akapita. Nusu fainali yuko nyuma tena, wa mbele wakaanguka, akapita. Fainali sasa, wenzake wanne wanagombana huko mbele, Mmarekani Ohno yuko kwao uwanja mzima unamshangilia, Mchina anataka kumpita, Mkorea naye yumo, Mkanada naye yumo, na Bradbury yuko kule nyuma peke yake kama mtu aliyetumwa dukani. Kona ya mwisho kabisa, mwisho panaonekana pale, Mchina kagusana na Ohno, mmoja chini, wa pili chini, wa tatu, wa nne, wote wanne wamelala kwenye ukuta miguu juu! Bradbury akapita pembeni amesimama wima, kanyoosha mikono huku uso unauliza "ni mimi?" Dhahabu. Ya kwanza ya olimpiki ya baridi kwa Australia na kwa upande wote wa kusini mwa dunia. Na kilichoniua kabisa mimi kama fundi, bwana huyu alikuwa na kakampuni ka kutengeneza vile viatu, na Ohno siku ile alivaa viatu vyake. Yaani umemuazima mtu ngazi, kaanguka nayo, wewe ukaokota embe.

Sikulala. Nilikuwa napiga hesabu. Mimi maisha yangu yote nimekaa nyuma kuliko Bradbury, na mbele yangu hajawahi kuanguka hata mtu mmoja. Foleni ya benki niko wa mwisho, wa mbele wote wanahudumiwa vizuri wanachekeana na dada wa kaunta, ikifika zamu yangu mtandao haupo. Pilau la shughuli, wa mbele wanapata nyama mpaka inadondoka, mimi nikifika sufuria inakwanguliwa na mpakuaji ananiangalia kama nimekuja kumdai. Kwenye upatu ndo usiseme. Tuko 12, mimi namba 12, miezi 11 natoa hela kama mjinga, mwezi wangu ulipofika kijumbe kahama nyumba. Sasa Bradbury alipokaa nyuma walianguka wa mbele, mimi nikikaa nyuma unaanguka mchezo wenyewe.

Basi nikawa mgonjwa wa barafu. Kila usiku watoto wakilala natoa simu. Na nimegundua wale watu wa baridi wana mambo ambayo wangekuwa wanayafanya huku kwetu tungeitisha kikao cha ukoo. Kuna mmoja analala kifudifudi kwenye kisinia cha chuma, kichwa mbele, anashuka handaki la barafu kwa spidi ya basi la mkoani. Kuna mwingine analala chali, miguu mbele, hapo nikaona afadhali, huyu ana wazazi. Halafu nikaletewa wawili wamelala kwenye sleji moja, mmoja juu ya mwenzie, mama watoto akachungulia akauliza "unaangalia nini wewe saa hizi?" Nikamwambia ni olimpiki. Akasema "haya". Ile haya ya kwake naijua mimi.

Kuna na ule wa kuteleza na bunduki mgongoni. Unatembea na skii, zile mbao ndefu za miguuni, mpaka moyo unataka kutoka, halafu unalala chini ulenge vitundu vitano umbali wa mita 50, ukikosa kimoja unazungushwa mita 150 za adhabu, mwenzio huyoo anaondoka. Hii nimeielewa haraka sana, maana ndo kazi yangu: ukikosea kipuri unarudi Kariakoo kwa nauli yako.

Lakini mchezo uliovunja amani ya nyumba yangu unaitwa kalingi. Hapa naomba nieleze kwa utulivu. Mtu anapiga goti, anasukuma jiwe la karibu kilo 20 lina mpini kama wa birika, jiwe linaenda taratiiibu, mbele yake watu wawili wazima wanafagia barafu kama wameona nyoka, na nyuma kuna mwingine anawapigia kelele "fagia! fagia!" sauti ya mama mkwe. Nilicheka nikakohoa. Halafu ufundi ukaamka. Kumbe uwanja wanaunyunyizia matone ya maji kwa makusudi, yanaganda yanakuwa vipelevipele, jiwe linapita juu ya vipele, na ule ufagio ukisugua unapasha barafu moto kidogo tu, jiwe linateleza mbali zaidi na linapunguza kukunja kona. Hiyo ni sayansi ya friji kabisa! Na jiwe lenyewe sio la kuokota barabarani, granaiti yake ya olimpiki inatoka kisiwa kimoja kidogo kule Uskoti kinaitwa Ailsa Craig. Na mchezaji akigusa jiwe kwa ufagio bahati mbaya anajisema mwenyewe, halafu ukiona umezidiwa unampa mwenzio mkono mnaenda zenu. Huku kijiweni kwetu drafti mtu akienda kujisaidia akirudi kete mbili hazipo na mashahidi wote vipofu.

Sasa kosa langu nilimuita mama watoto aje aone. Akaangalia dakika tano, hajacheka. Akasema "kumbe wanaume wanaweza kushika fagio wakainama". Asubuhi nimeamka nakuta fagio la chelewa limeegemezwa mlangoni kwangu upande wa kulalia. Na amesimama kule nyuma. "Fagia! Fagia!" Mpaka leo uwanja wa nyumba yetu ni kazi yangu, majirani wanapita wananiita bingwa.

Ila kisa kilichoniuma kabisa, mpaka nikazima simu nikakaa gizani, ni cha Mholanzi Sven Kramer, olimpiki ya Vancouver 2010, mita 10,000 za viatu vya visu. Mizunguko 25. Pale wanakimbia wawili wawili, kila mzunguko mnabadilishana njia, wa ndani anatoka nje wa nje anaingia ndani. Kramer ndo mfalme wa masafa marefu, anaongoza vizuri, anaelekea njia ya nje ambayo ndo sahihi, kocha wake kachanganyikiwa na kibao chake akamuonyesha kwa nguvu, ndani, ndani! Mtu kamwamini kocha, kaingia ndani. Kamaliza ana muda bora kuliko wote, kanyanyua mikono, kocha anamfuata uso umekwisha. Kafutwa. Dhahabu akapewa Mkorea, Lee Seung-hoon. Kramer katupa miwani yake kule.

Nimekuelewa kaka. Mimi nina saidia fundi, kijana mzuri tu, anasali. Siku moja niko chini ya friji ya baa mkono umeingia mpaka begani, sioni kitu, nimeshika waya namuuliza "ndo huu?" ananijibu "huo huo fundi". Nikauliza tena, "una uhakika?" "Huo huo." Nikaunga. Kompresa mpya, haijamaliza hata dakika mbili mjini, ikatoa moshi mweupe kama papa kachaguliwa. Namtolea kijana macho, anasema "mi nilidhani unauliza ule mwingine". Hela ya kompresa ile nimelipa miezi mitatu. Wenzetu angalau kocha alikiri siku ile ile kwamba kosa ni lake.

Mama watoto yeye kipenzi chake ni Mcheki, Ester Ledecká, Korea Kusini 2018. Huyu anajulikana kwa ubao wa kuteleza mmoja, sasa kaingia na mbio za skii mbili, tena skii zenyewe zilikuwa za Mmarekani Shiffrin, mtumba! Namba yake 26, wenye majina wote wameshashuka, watangazaji wameshampongeza Muaustria, kamera zinataka kwenda kwingine. Kashuka, kaongoza kwa sekunde 0.01. Kasimama anaangalia ubao kama mtu aliyeingiziwa hela kimakosa anasubiri wamrudishe. Wiki moja baadaye kachukua na dhahabu ya ubao wake. Ila mama watoto hayo yote hakuyajali, alichokipenda ni kwamba binti alienda kuongea na waandishi hajavua ile miwani mikubwa ya theluji, kisa hajajipodoa, hakujua atashinda. "Huyo ana akili," akasema. Toka siku hiyo tukichelewa kwenye shughuli kwa sababu ya wanja mi nanyamaza.

Na majirani zetu Wakenya wamo, msifikiri. Philip Boit, mtu wa riadha kabisa, akapelekwa Finland kufundishwa skii, akashiriki Nagano 1998, kilomita 10, akatoka wa mwisho, namba 92, dakika 20 nyuma ya bingwa. Bingwa ni Mnorwe, Bjørn Dæhlie, mzito kweli kweli kwenye mchezo huo, akagoma kwenda kupewa medali mpaka Mkenya afike, akamsubiri pale mwisho akamkumbatia. Boit akaenda kumpa mtoto wake jina Dæhlie. Mi ningefika wa 92 huku ningekuta mkanda umekunjwa, geti limefungwa na mlinzi ananiuliza "we nani?"

Basi juzi nikasema potelea mbali, nifanye kama Bradbury. Saa moja jioni Buguruni, nimetoka kazini na begi la vifaa, watu wamejaa kituoni, magari yanakuja yameshajaa wajanja waliogeuza nayo. Ikatokea moja tupu kabisa. Watu wakaliamkia! Mimi sikusogea. Nikasimama nyuma nimeweka begi chini, natazama mlango. Kaka mmoja mwenye ndoo kakwama na mama mwenye kapu, wa nyuma wakasukuma, kapu likamwagika nyanya, mwenye ndoo kateleza, akamshika shati wa pembeni, wa pembeni akamshika dada, sijui wangapi chini, nyanya zinapasuka, mtu anatukana, mtu anatafuta kandambili. Nikapita pembeni. Taratibu, nimesimama wima. Nikapanda, nikakaa siti ya dirishani, ya mbele, peke yangu ndani ya gari zima, na nikajikuta nimenyoosha mikono juu.

Konda akageuka akaniangalia.

"Mzee shuka, hii inaenda kulala."

Nikamwambia nipe dakika moja kijana, niache nikae kwanza.