Dawa ya meno sio puti jamani

Hivi nani alituambia tundu la msumari linazibwa na dawa ya meno badala ya puti, ule uji mzito wa kuzibia matundu ya ukuta? Huku Mwanza, iwe Nyegezi, Buhongwa au Mabatini, mtu akikaribia kuhama chumba utamkuta anapakapaka Colgate ukutani ili mwenye nyumba asianze maneno. Wengine sabuni ya mche, wengine mpaka ugali, na huo wa ugali ndo kabisa, umewapikia mende na sisimizi.

Dawa ya meno ikikauka inasinyaa, ukipitisha rangi ya maji inalainika tena, umefanya nini sasa? Wakati jipsamu ya unga, ile poda unayokoroga na maji kuzibia ukuta, ipo hadiwea, wanakupimia hata kilo, na tundu la msumari linakula vijiko viwili vitatu basi. Changanya kidogo kidogo maana inaganda fasta, na ikishaanza kuganda usiiongezee maji eti ilainike, hapo nguvu imeisha, tupa.

Ila jipsamu na maji haziivi, na hapa ndo nagombana na mafundi, wanaipiga kila mahali kwa sababu ni rahisi kusugua msasa. Sebuleni sawa. Bafuni, au ukuta wa nje unaopigwa na mvua za masika kuanzia Machi, inalainika na kumeguka, huko weka simenti nyeupe au puti ya simenti, utasugua mpaka mkono ufe ganzi lakini imekaa. Ile puti ya kopo iliyokuja imechanganywa tayari inakauka kwa kupoteza maji so lazima isinyae, tundu likiwa na kina weka tabaka, subiri ikauke, weka tena.

Halafu tuseme ukweli, lipu za nyumba nyingi za kupanga ni mchanga mtupu, simenti imepita kusalimia tu, unachomoa msumari linatoka bonge zima. Hapo kwangua chote kinacholegea, futa vumbi na brashi, lowanisha kidogo ndo ujaze, la sivyo puti inashika vumbi badala ya ukuta na itadondoka yote kama ilivyo.

Na usipake rangi ya juu moja kwa moja, puti inanyonya utabaki na doa, tanguliza praima, ile rangi ya chini inayotangulia. Mwenye nyumba akiwa amebakiza rangi kwenye ndoo muombe hiyohiyo, maana ya dukani hata iwe namba ileile haitafanana na ukuta uliokula moshi wa mkaa miaka yote hiyo.