Meinertzhagen: ofisa, bundi na fimbo tatu

Tarehe 19 Oktoba 1905, kwenye kilima cha Ket Parak huko Nandi, Kenya, Richard Meinertzhagen, ofisa wa jeshi la kikoloni la Waingereza la King's African Rifles, alikutana na Koitalel arap Samoei, Orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho, wa Wanandi. Kwa takriban miaka kumi Wanandi walikuwa wameipinga reli na utawala wa Waingereza. Koitalel aliitwa kwa mazungumzo ya amani. Hakushuka kilimani akiwa hai: alipigwa risasi kwa karibu kabisa, na watu aliofuatana nao wakauawa. Wanandi wanasimulia kwamba aliuawa wakati wa kupeana mkono. Meinertzhagen alishikilia kuwa ametegewa mtego, naye akawahi.

Wanaomtetea wana hoja za kusikilizwa. Uchunguzi wa kijeshi ulifanyika mara tatu, na hakukutwa na hatia. Mwaka 1916 alipewa DSO, nishani ya kijeshi ya Uingereza. Alikuwa pia mpenzi wa kweli wa wanyama: nguruwe mkubwa wa msituni, aliyetambulishwa kwa wanasayansi mwaka 1904, ana jina lake hadi leo. Tena shajara zake za Kenya zinawaonya walowezi kwamba siku moja Waafrika watadai ardhi yao. Ukizisoma unamwona mtu aliyeona mbali kuliko wenzake.

Hapo penye shajara ndipo ninapopata shida. Kitabu cha shajara hizo kilitoka mwaka 1957, baada ya vita vya Mau Mau, wakati utabiri ule ulikuwa umekwisha kutimia mbele ya macho ya wote. Watafiti waliokagua kurasa zake zilizopigwa taipu wamekuta dalili za mambo kuandikwa upya miaka mingi baadaye. Ule ujanja wa mwaka 1917 huko Palestina, wa kuwadondoshea Waturuki mkoba wenye nyaraka za uongo, alijitwalia kama wazo lake, ilhali ofisa mwingine ndiye aliyelibuni.

Lakini ushahidi unaonishika zaidi ni wa ndege. Aliiachia makumbusho ya London maelfu ya ndege waliokaushwa, kila mmoja na lebo mguuni. Kuanzia miaka ya 1990 wataalamu walianza kuwapiga eksirei. Kila mkaushaji ana mkono wake, namna anavyojaza pamba na kushona ngozi, na mkono ulioonekana ndani ya ndege wengi haukuwa wa Meinertzhagen. Ndege wengine walikuwa wameibwa kwenye mikusanyo ya wenzake, wakabandikwa lebo mpya. Bundi mmoja wa msituni wa India alidaiwa kupatikana Gujarat mwaka 1914. Kumbe alikusanywa na mtu mwingine katika miaka ya 1880. Watafiti walipoiweka kando lebo hiyo na kutafuta katika maeneo ya kweli, mwaka 1997 walimwona bundi huyo akiwa hai, baada ya zaidi ya karne moja bila rekodi ya kuaminika.

Kwa hiyo naona utetezi wa Ket Parak umesimama juu ya mguu mmoja: neno la mtu aliyekuwa tayari kudanganya hata kuhusu bundi. Na waliomchunguza walikuwa wanajeshi wa upande wake. Hata baada ya kusafishwa, mwaka 1906 alirudishwa Uingereza.

Nikiacha kalamu yake kabisa, kinachobaki ni vitu. Koitalel alikuwa na fimbo tatu za uongozi, na zilikaa kwa familia ya ofisa huyo miaka mia moja. Kuzichukua hakuthibitishi kwamba mauaji yalipangwa, hilo nalikubali. Lakini mtu aliyeponea chupuchupu mtegoni, kama alivyodai, alipata wasaa wa kumvua marehemu alama za cheo chake. Mwaka 2006 mwanawe alizirudisha Kenya, na sasa zimo katika makumbusho ya Koitalel Samoei, Nandi Hills.