Waleti Nyembamba Ni ya Mtu Asiye na Shida

Watu wakiona mfuko wangu wa nyuma umetuna wanaamini nina hela. Kwenye vikao vya harusi wananiandikia kadi ya watu wawili bila hata kuniuliza. Muuza mahindi ya kuchoma ananitazama suruali kwanza, halafu ndiyo anataja bei. Laiti wangejua! Humo ndani mwenye cheo kuliko wote ni msimbazi mmoja, noti ya elfu kumi, naye akiingia asubuhi, jioni hayupo. Kilichotuna ni karatasi.

Sasa natafuta waleti nyembamba. Na aliyeamua si mimi, ni kalio langu la kulia.

Hebu panda daladala ya Gongo la Mboto, ubahatike kupata kiti, halafu ukae juu ya waleti kama yangu. Upande wa kulia unapanda, wa kushoto unashuka, mwili mzima unamwelekea abiria wa dirishani. Mkifika Tazara yule dada ameshakugeukia kwa jicho la kusema, "Baba, na umri huo?" Unajiinua, unajiweka sawa, gari linapita kwenye shimo, unamrudia. Ukishuka Kariakoo mguu umekufa ganzi, unachechemea, na mpiga debe anakupa pole ya bure huku akikusukuma upishe njia.

Nikaenda zahanati. Nilijiandaa kuambiwa nipunguze chumvi, maana ukishavuka miaka 40 kila ugonjwa dawa yake ni kupunguza chumvi. Daktari hata presha hakunipima. Alisema simama, geuka. Kimya. Kisha: "Mzee, hicho nini?" Waleti. "Kitoe." Tiba ikawa imekwisha, nikaenda dirishani kulipia.

Kumbe jambo lenyewe lina historia. Mwaka 1978 daktari mmoja wa Marekani aliandika kwenye jarida la kitabibu la JAMA kuhusu waleti zilizojaa kadi, zinavyoukandamiza mshipa mkubwa wa fahamu unaopita kwenye kalio na kushuka mguuni. Ndiyo maana maumivu unayasikia mguuni wakati mkosaji amekaa mfukoni, ametulia. Lakini tazama tofauti ya watu na watu: wenzetu waliumwa kwa kadi za mikopo. Mimi naumwa kwa risiti.

Maana siku nilipoimwaga kitandani ili nipunguze mzigo, mama watoto alisimama mlangoni akashika kiuno. "Baba, hii siyo waleti. Hii ni ofisi ya kata."

Risiti ndizo zilikuwa nyingi. Nifanyeje? Serikali inatuambia ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Mimi raia mwema, nikadai. Nimedai mpaka mwenye duka la vifaa vya ujenzi akaanza kuniita "afande". Sasa zile risiti za mashine hazina wino. Ile karatasi imepakwa dawa inayogeuka nyeusi ikichomwa na joto, na ukiibana ikae na jasho na mafuta ya mwili, maandishi yanafifia. Kwa hiyo nimeukalia ushahidi mpaka umefutika. Pasi ya umeme ilipoungua nikaenda dukani kifua mbele, nikatoa risiti ya dhamana. Kijana akaitazama mbele, akaitazama nyuma, akainyanyua juu kwenye taa. "Mzee, hii karatasi nyeupe." Karatasi nyeupe! Mwezi mzima nimekaa upande juu ya karatasi nyeupe.

Kulikuwa na vikaratasi vya LUKU vyenye tarakimu 20, umeme wenyewe ulishaliwa zamani. Nimevitunza kwa nini? Kwa sababu mpangaji mwenzangu ana tabia ya kusema zamu iliyopita alinunua yeye. Kulikuwa na kadi za michango: harusi, kipaimara, kitchen party ambayo hata sijui mwanamume nilialikwa kama nani. Baadhi ya hao maharusi wameshaachana, lakini mweka hazina wa kamati bado ananidai. Kulikuwa na picha zangu za pasipoti, nywele zimejaa kichwani. Hizo sizitupi. Nikiambiwa niambatishe picha naambatisha zile zile, na karani akiuliza "huyu ni nani?" namwambia ni mimi kabla ya ada za shule.

Na kwenye ule mfuko wa siri, ule wa nyuma ya mfuko mwingine, nikakuta noti ya 500. Jero ya karatasi, ile ya 2010 yenye picha ya mzee Karume. Moyo ukaruka. Kisha nikakumbuka kwamba Benki Kuu ilitangaza kuiondoa pamoja na noti za zamani, na siku ya mwisho ya kubadilisha ilikuwa 5 Aprili 2025. Yaani nilikuwa na hela, nikaikalia, ikafia chini yangu.

Basi nikapanga niondoe kila kisicho na kazi. Hapo ndipo nilipogundua kwamba hapa mjini hakuna karatasi isiyo na kazi. Ipo tu karatasi ambayo siku yake haijafika. Nakala ya cheti cha kuzaliwa ukiiacha nyumbani, siku hiyo hiyo dirishani utaulizwa nakala ya cheti cha kuzaliwa. Kadi ya mpiga kura ya 2015 ilitaka kutoka, ikarudi, kwa sababu kuna mahali walikataa kitambulisho cha taifa wakasema hawana mashine ya kukisoma, "huna kingine?" Ninacho! Nimekikalia! Mama watoto alishauri tuvitie vyote kwenye bahasha ya kaki, tuiweke chini ya godoro. Wazo zuri. Ila bahasha ya kaki iliyopo chini ya godoro ina makaratasi ya kiwanja, nayo haifunguliwi mpaka tuwepo wote wawili na mashahidi.

Halafu watu wanazilaumu kadi. Jamani, kadi hazina kosa. Kadi ya benki, leseni, bima ya afya, kitambulisho, zote zimetengenezwa kwa kipimo kimoja cha dunia nzima, milimita 85.6 kwa karibu 54, unene wake milimita 0.76. Panga 10 juu ya nyingine, hata sentimita moja hazifiki. Lakini chukua barua moja ya serikali ya mtaa, ikunje mara nne, uone inavyojivimbisha. Na mhuri wake ukiwa haujakauka ndiyo inagandana na kila jirani.

Haya, nikaingia Kariakoo, Mtaa wa Kongo, kutafuta hiyo nyembamba. Kijana akanivuta. "Bosi wangu, karibu, ngozi orijino hii, ya Italia." Akawasha kiberiti cha gesi akaipitisha chini ya waleti, swaa, haikuungua. Wote tuliosimama pale tukaguna kwa heshima. Nikamwambia, mwanangu, shikilia hapo hapo, usiondoe. Akazima haraka. Moto wa kupita hivyo hata kidole hauunguzi. Ngozi ya kweli itazame ukingoni, pale ilipokatwa: utaona nyuzinyuzi. Ile yake ukingo umefunikwa rangi na chini kuna kitambaa, maana yake ni plastiki imebandikwa juu ya nguo. Hiyo ukiikunja na kuikunjua kila siku, inaanza kubanduka pale kwenye mkunjo, mpaka unatembea na vigaga vyeusi kwenye suruali na wakwe wanadhani una ukurutu. Na hii ndiyo nchi yenye ng'ombe zaidi ya milioni 30. Wengine tunasimamishwa nao barabarani kabisa, wanavuka taratibu, wanatutazama. Ngozi yao inakwenda wapi, sijui mimi.

Kijana hakukata tamaa. Akatoa ya bati. Kiboksi kidogo, unabonyeza kitufe pembeni, kadi zinachomoza zimepangana ngazi. Nakiri nilibonyeza zaidi ya inavyohitajika. "Hii mzee inazuia wizi wa mtandao, mtu hawezi kusoma kadi yako kwa mbali." Nikamwuliza mbali kiasi gani, maana hizo kadi za kugusisha zinasomeka zikikaribia mashine kwa sentimita chache tu. Mwizi wa kunifikia hivyo si nitamwuliza jina la ukoo? Kibaka wa kwetu hana mashine. Ana vidole viwili, wembe, na mwenzake wa kukukanyaga mguu akuombe radhi. Na hata akiichomoa ile yangu ya sasa, namwonea huruma. Atakimbia mpaka Jangwani, ajifiche, apumue, afungue, akute ninadaiwa harusi.

Tena kile kiboksi noti zinakaa nje, zimebanwa kwa mpira. Kwa nje! Niingie nacho kwenye mwendokasi saa kumi na mbili asubuhi, hela yangu imevaa mpira inatazama watu?

Akaniletea ya kadi tu, ngozi nyepesi, kadi nne basi. Noti? "Unaikunja, mzee." Mara ngapi? Akaikunja noti ya elfu mbili mara tatu, simba akabaki jicho moja. Ukimpa mama ntilie noti iliyokunjwa hivyo anaifungua taratibu kwa kucha, anaamini umefunga kitu ndani. Na sarafu je? Kijana akanitazama kana kwamba nimeuliza pa kuweka ng'ombe. "Mzee, siku hizi nani anatembea na sarafu?"

Mimi! Mimi ninatembea na sarafu. Jero yenyewe imekuwa sarafu tangu 2014, kwa sababu ile ya karatasi ilikuwa inapita mikono mingi ikachakaa upesi. Sawa, haichakai. Ila ukiwa nazo sita mfukoni unatembea unalia. Na hizi waleti nyembamba zote, uzitafute mtaa mzima, hazina kimfuko cha sarafu, kwa sababu aliyezichora anaishi mahali ambapo hakuna konda. Konda hatoi noti. Konda anatoa mia mia, mbili mbili, zikiwa na joto la kiganja chake, tena anakupa umeshashuka na gari linaondoka.

Kuna kijana ofisini, suruali yake imebana, mfuko hauna hata kivuli. Ananicheka. "Mzee wangu, si ulipe kwa simu?" Nalipa kwa simu, mbona. Kwenye duka lenye lipa namba nalipa, ingawa muuzaji naye ananiomba "ongeza ya kutolea". Sikuanza leo. Lakini makato yapo, na tozo za miamala zilipokuja mwaka 2021 wengi wetu tulirudi kwenye noti kwa mwendo wa kunyata, hatukumwambia mtu. Kisha simu nayo ina tabia zake. Chaji inaisha ukiwa juu ya bodaboda, katikati ya safari, na bodaboda hataki kusikia habari ya asilimia. Huyo kijana mwenyewe, mwenye suruali isiyo na kivuli, juzi nilimlipia supu. Nilitoa hela kutoka katikati ya kadi ya mchango na barua ya mjumbe. Supu akainywa, hakusema kitu kuhusu unene.

Kwa hiyo nimekwenda kwa fundi viatu wetu wa mtaani, yule wa chini ya mwarobaini. Nikamwambia nataka ngozi ya mbuzi, kwa sababu ni nyepesi lakini haichaniki ovyo. Usiweke kitambaa ndani, hicho ndicho kinachoongeza unene bure. Noti ikunjwe mara moja tu, isizidi. Nafasi mbili za kadi, kila moja ibebe kadi mbili tatu zikibanana. Kimfuko cha sarafu chenye kifungo, si zipu, zipu inakufa. Na upana wake uingie mfuko wa mbele, kalio lipumzike.

Fundi akanisikiliza sindano ikiwa mdomoni. Akaniuliza, "Na risiti, mzee, utaweka wapi?"

Nikamwambia risiti hapana. Tumeachana.

Akatikisa kichwa, akanipima mfuko kwa kamba ya kiatu, akataja bei, nikalia, akapunguza, nikatoa nusu kama kianzio. Akararua kipande cha boksi la viatu, kipana kama kiganja, akaandika kwa kalamu ya wino mzito jina langu, hela niliyotoa na iliyobaki, akaweka na sahihi.

"Mzee, hii uitunze vizuri. Bila hii kazi haitoki."